Kiti kilichogeuzwa: jibu kwa sajini wa Amu anayetaka kuingia kwenye filamu

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwenyeji wa Amu, yaani Lamu, umri wangu miaka 41. Nimetumikia jeshi la nchi kavu miaka 19 na nimetoka mwaka huu nikiwa sajini. Tangu shuleni nilikuwa mwigizaji, na hata kambini nikiwachekesha wenzangu kwa kuwaiga maafande. Sasa nataka kuigiza, kuandika na kutengeneza filamu zangu. Nimeshaandika filamu ya saa mbili kuhusu shambulio la msafara wetu katika msitu wa Boni, na kurasa za mwanzo nimekutumia. Nafikiria kuitengeneza kwa kiinua mgongo changu, ila ndugu zangu wanasema ninunue boti ya kubeba wageni. Je, umri umenipita? Nianzie wapi? Nina wasiwasi pia, kwa sababu tangu nirudi siwezi kukaa nikiupa mlango mgongo. Mama ameliona hilo, akakigeuza kiti changu ukumbini bila kuniuliza. Sijui kama mtu wa namna hii ataweza kusimama mbele ya kamera."

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Kurasa ulizonitumia nimezisoma mara moja. Jibu langu lote limo humo, lakini si haki nikuache hapo, kwa hiyo tukae.

Kurasa zile si mbaya. Gari la mbele linakanyaga bomu, vumbi linatanda, redio inakoroma, kijana wa Kitui anaita jina la mkewe. Kila kitu kipo mahali pake. Tatizo ni kwamba mtu aliyekaa Nairobi akatazama filamu 10 za vita za Wamarekani angeweza kuandika kurasa hizohizo bila kuwahi kufika Boni. Lakini kile kiti ambacho mama yako amekigeuza bila kuuliza, ulichokitaja kwa sentensi moja mwisho wa barua kana kwamba unaomba radhi, hakuna mwingine duniani anayeweza kukiandika. Filamu yako iko hapo. Ile ya msafara iweke kando kwanza.

Nakuambia hivi kwa sababu nilipita njia hiyo kabla yako. Nilitumikia jeshi la majini pale Mtongwe miaka 12, upande wa mawasiliano. Nilipotoka nilidhani nimebeba gunia la visa, kumbe nilikuwa na gunia la ripoti. Unajua ripoti ilivyo: saa, mahali, idadi, nini kimetokea, nini kimefanyika, mwisho. Ukiongeza "niliogopa" unafutiwa kwa kalamu nyekundu. Miaka 19 umefundishwa kumtoa mtu ndani ya habari ibaki habari tupu, na ni sawa, maana kamanda anayesoma akiwa na dakika 2 za kuamua hahitaji moyo wako. Mtazamaji anauhitaji huo moyo kuliko chochote. Kwa hiyo ukiandika shambulio, mkono unarudi wenyewe kwenye ripoti. Ukiandika kuhusu kiti, mkono hauna fomu ya kujaza, unalazimika kutafuta.

Halafu wewe ni mtu wa Amu, na pwani hii haijawahi kumwona askari na mtunzi kuwa watu wawili tofauti. Fumo Liyongo tumesimuliwa sote. Alikuwa shujaa wa vita, na alikuwa malenga. Alipofungwa, hakumpelekea mamake ujumbe kwa siri. Aliuimba mbele ya walinzi, akimwagiza kijakazi Saada: mama apike mkate mzuri na mkate wa wishwa, yaani wa makapi ya nafaka, na ndani ya wishwa atie tupa ya kukatia chuma. Walinzi wakala mzuri, wakamwachia mfungwa wishwa wake, akaikata minyororo. Wanafunzi wangu wa Malindi huwa nawaambia kwamba hapo pana somo zima la kuandika mazungumzo. Maneno ya juu yanahusu mkate, maneno ya ndani yanahusu tupa. Walinzi wanasikia mkate. Mama anasikia tupa. Mtazamaji wako ni yule mama. Usimwandikie kama mlinzi.

Jaribu sasa na kiti chako. Nimekuandikia kipande kidogo, si ukitumie, ni uone ninachokisema:

NDANI. UKUMBI WA NYUMBA, AMU. ALASIRI.
Mama anachagua mchele kwenye uteo. Mwana anaingia, anasimama. Kiti chake hakipo kilipokuwa.
MWANA: Kiti kilikuwa kikitazama dirisha.
MAMA: Dirisha lina upepo. Tangu yana nakohoa.
MWANA: Wewe unakaa kule, mama. Kiti ni changu.
MAMA: Keti, chai itapoa.
Anakaa. Mlango uko mbele yake. Mabega yanashuka. Mama hainui macho kwenye mchele.

Mama huyu hana kikohozi, na mwana analijua hilo. Hakuna aliyetaja msitu, bunduki wala usiku ambao mtu halali, na vyote vimo chumbani. Kwenye karatasi iliyopangwa kwa mpangilio wa kawaida wa skripti, ukurasa mmoja hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu, kwa hiyo hapo tuna kama nusu dakika. Kurasa 8 za namna hiyo ni filamu fupi kamili. Hesabu gharama yake: nyumba unayo, kiti unacho, mchele upo jikoni. Huhitaji gari la kulipua, huhitaji wanajeshi 30, huhitaji kumwomba mtu yeyote akuazime silaha. Naona pia umeona nimemwachia mama "yana" yake, ndiyo jana ya Kiamu. Usimtoe mama wa Amu na kumvika Kiswahili cha taarifa ya habari. Mwenye kuiita njia "ndia" na aseme ndia. Televisheni zetu zimejaa mama za pwani wanaozungumza kama waliozaliwa studio, na wewe una sikio la Kiamu ambalo haliuzwi popote.

Utasema, lakini mwalimu, wenzangu walikufa kule, nani atawasimulia? Utawasimulia wewe. Sikusema usiwasimulie, nimesema usianze nao. Mtazame Sembène Ousmane wa Senegal. Alichukuliwa jeshini na Wafaransa mwaka 1944. Vita vilipokwisha akaenda kupakua mizigo bandarini Marseille, mgongo ukaumia, akashika kalamu, na kitabu chake cha kwanza kikatoka 1956. Miaka ya 1960 ilipoanza, karibu na umri wa miaka 40, ndipo alipokwenda Moscow kujifunza filamu. Aliporudi nyumbani hakuanza na vita. Filamu yake ya mwaka 1963 ni ya kama dakika 20, inamfuata mwendesha mkokoteni wa farasi mjini Dakar kwa siku moja tu. Sisi tuna punda wa kutosha, Sajini. Filamu yake ya askari wa Kiafrika aliitoa pamoja na mwenzake mwaka 1988, miaka 44 baada ya yeye mwenyewe kuvaa sare. Na hata hiyo haikushika mapigano ya Ulaya. Ilishika kambi ya Thiaroye karibu na Dakar, ambako tarehe 1 Desemba 1944 Wafaransa waliwapiga risasi askari wao wenyewe wa Kiafrika waliorudi kutoka vitani na kudai malipo yao. Mshahara! Jambo ambalo kila askari anaweza kulizungumza mpaka usiku wa manane. Mtu wa mikokoteni kwanza, wenzake baadaye, alipokuwa na mkono wa kuwabeba.

Au Oliver Stone, mwongozaji wa filamu wa Marekani, ambaye alikuwa askari wa miguu Vietnam mwaka 1967 na 1968. Skripti ya filamu yake maarufu ya vita aliiandika 1976, ikatoka 1986. Miaka 10 mezani. Wewe umetoka mwaka huu.

Sasa pesa. Kiinua mgongo chako usikiguse kwa filamu. Sisemi upunguze, nasema usikiguse. Mimi changu kilikwenda nusu kwa kamera, nikidhani mwenye kamera ndiye mwenye filamu. Nikaiweka kabatini Malindi, mita 200 kutoka baharini. Msimu mmoja wa unyevu lenzi ikaota kuvu kwa ndani kama utando wa buibui, na fundi aliyeichukua kuisafisha sijamwona hadi leo. (Lenzi za pwani hukaa kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Hilo nimelilipia, wewe lichukue bure.)

Ndugu zako wana akili kuliko unavyowapa. Nunua boti. Kwanza, utakula. Pili, na hili pengine hawalijui, hakuna kikosi cha filamu kinachofika Amu kisitafute boti. Mji hauna barabara za magari. Taa, jenereta, waigizaji, maji ya kunywa, vyote hupita majini kutoka Mokowe au Manda. Mwenye boti anayefika kwa saa, anayejua kupanda na kushuka kwa maji, ambaye haongezi bei katikati ya mkondo, huyo huitwa tena. Na akiitwa tena anaulizwa mambo mengine: nyumba gani ina dari nzuri, mzee gani wa mtaa aombwe ruhusa, ni nani ana jahazi lenye tanga la zamani. Hivyo ndivyo watu wengi wa pwani walivyoingia kwenye kazi hii. Hawakuingia kwa odishini, yale majaribio ya kuchagua waigizaji, waliingia kwa kujua mahali.

Ukiwa ndani, lenga kazi ya mwongozaji msaidizi. Hii naisemea kwa nguvu, maana askari wengi wanaotoka hukimbilia mbele ya kamera na kuacha kiti walichochongewa. Unakumbuka amri ya operesheni na mafungu yake matano: hali, kazi, utekelezaji, ugavi, kisha amri na mawasiliano. Chukua ratiba ya siku ya seti yoyote, yaani mahali filamu inapopigwa, ile wenyewe huiita kolshiti. Utaona jua linachomoza na kuzama saa ngapi, hali ya hewa, hospitali ya karibu, onyesho gani linaanza, nani anafika saa ngapi na nani anavishwa kwanza, chakula kinaliwa wapi, na namba ya simu ya kila mkuu wa idara. Ni amri yako ya mafungu matano iliyovaa fulana. Mwongozaji anaota, msaidizi wake anahakikisha ndoto imepigwa kabla ya jua kuzama. Anagawa saa, anahesabu watu, anajua nani amechoka kabla mwenyewe hajajua. Sajini hufanya nini kila siku kama si hiyo?

Ila seti si kambi, na hapa niliungua. Wiki yangu ya kwanza kwenye kazi hiyo tulikuwa ufukweni Malindi na wavuvi 8 tuliowakodi wacheze wavuvi. Mzee mmoja akaketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa wakati tulitaka wasimame. Nikamfokea kwa sauti ya gwaride. Hakunijibu. Aliinuka, akapangusa msuli wake, akaondoka, na wale 7 wakamfuata, maana wote walikuwa wanawe, wapwa zake na mkwe wake. Nusu siku ikapotea. Jioni nilikwenda kwake na kilo mbili za sukari na mwongozaji hakuniuliza nimezitoa wapi. Raia hapewi amri, anaombwa. Na mzee wa pwani anaombwa akiwa amekaa, nawe umeinama.

Kuhusu kuigiza kwenyewe. Umri haujakupita. Vijana wa miaka 22 wanajazana kwenye odishini mpaka barabarani. Baba mwenye uso ulioishi ni wa kutafutwa. Morgan Freeman aliingia jeshi la anga la Marekani mwaka 1955, akatoka 1959, na alikuwa ameshatimiza miaka 50 alipotajwa kwa mara ya kwanza kuwania Oscar. Adam Driver alikataliwa na chuo cha maigizo cha Juilliard, akaingia kikosi cha wanamaji baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, akaumia kifua na kurudishwa uraiani kabla kikosi chake hakijapelekwa vitani, akaomba tena chuo kilekile na kikamchukua.

Kitakachokusumbua ni mwili. Jukwaa langu la kwanza lilikuwa Mombasa, nikicheza baba anayeletewa habari za kifo cha mwanawe. Habari zikaja, nami nikazipokea wima, visigino pamoja, kidevu juu. Mwongozaji, mama mmoja mkali wa Kibokoni, akasimamisha mazoezi akaniuliza: "Mtoto huyo ni wako au ni wa serikali?" Watu wakacheka mpaka nikacheka. Nilitumia karibu mwaka mzima kuufundisha mwili kwamba unaruhusiwa kuanguka.

Jeshi linakufundisha kuficha, na kuficha ni nusu ya uigizaji, hilo usilitupe. Mtazamaji hapendi kumwona mtu analia, anapenda kumwona mtu anajizuia kulia. Nusu ya pili ni kuacha ufa mmoja mwanga upite. Mabega yale yanayoshuka mwana akikaa na kuuona mlango, huo ni ufa. Zoezi langu ni hili: nenda Mkunguni, mbele ya ngome, kaa barazani baada ya alasiri, mchague mtu mmoja umtazame kama uko lindo. Usitazame amevaa nini. Tazama anataka nini na anaficha nini. Rudi nyumbani ukae kama yeye, uinuke kama yeye, usimchekeshe mtu. Kuwaiga maafande ulikuwa unachukua ganda la nje, sauti na mwendo, ndiyo maana walicheka. Mwigizaji anauliza afande yule anaogopa nini anapopiga kelele vile.

Na jihadhari na sare. R. Lee Ermey alikuwa mkufunzi wa makuruta wa wanamaji wa Marekani. Aliletwa kwenye filamu moja ya Stanley Kubrick, iliyotoka 1987, awe mshauri tu wa mambo ya jeshi, akajirekodi akiwafokea watu, akapewa nafasi yenyewe, na aliifanya vizuri ajabu. Maisha yake yaliyobaki, wengi waliompigia simu walitaka sajini mwenye kufoka. Kazi ya ushauri ni kazi ya halali na ukiitwa nenda. Dale Dye, kapteni mstaafu, ameishi kwa hiyo. Aliwalaza waigizaji msituni Ufilipino wiki mbili kabla ya kupiga ile filamu ya Stone. Wafundishe watu kushika bunduki ya bandia bila kuifanya jembe. Lakini nafasi tatu za kwanza utakazozicheza, moja angalau iwe ya mtu asiyewahi kushika silaha: mwalimu wa madrasa, muuza halua, mume anayeogopa mkwe. La sivyo watakufunga getini, nami najua, nimecheza walinzi 6.

Kuhusu mlango na mgongo wako. Hapa si suala la sanaa peke yake. Ulichokieleza ni jambo linalowapata wengi waliotoka ulikotoka wewe, na lina watu waliolisomea. Muone mshauri nasaha au daktari wa akili kabla ya kuliigiza. Kuna wanaodhani kidonda kibichi kinaleta uigizaji mzuri. Kinaleta teki moja nzuri, yaani onyesho likipigwa mara moja, kisha mtu hawezi kuirudia, na usiku halali. Mimi hutumia kipimo cha baraza: kisa unachoweza kukisimulia barazani mpaka mwisho bila kuinuka na kuondoka, hicho kipige filamu. Usichoweza, bado ni chako, si cha watazamaji. Ndiyo sababu nyingine ya kuanza na kiti. Na ukumbini kwa mama usijicheze mwenyewe. Tafuta mwigizaji, wewe kaa nyuma ya kamera.

Basi tuseme umeandika kurasa zako 8 na unataka kupiga. Simu nzuri inatosha. Iwekee programu inayokuruhusu kushika mipangilio mwenyewe, uiweke fremu, yaani picha, 25 kwa sekunde na kasi ya shata, muda ambao kila picha inapokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde, kwa sababu umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na ukiacha simu kwenye fremu 30 taa za ndani zinaweza kupepesa kwenye picha na hutaelewa zimeingiwa na nini. Pesa kidogo ulizonazo zitie kwenye maiki. Mtazamaji husamehe picha yenye giza, hasamehi sauti isiyosikika. Nje, maiki bila kifuniko cha manyoya haifai kitu siku za upepo wa kusi. Ndani una bahati: kuta nene za mawe ya matumbawe huzuia kelele vizuri, ila vyumba vyake virefu hurudisha mwangwi, kwa hiyo tandika mikeka na magodoro mahali kamera haioni. Punda hutaweza kumpangia saa. Adhana utaweza, inajulikana. Ipangie mapumziko, na kikosi kikasali.

Jua la kwetu, karibu na ikweta, linaanguka kama nazi. Ule mwanga wa dhahabu wanaousifu wazungu kwa masaa, wewe una nusu saa hivi. Fanya mazoezi mchana kutwa, kisha piga onyesho moja tu jioni. Ukitaka mwana ateremke kwenye chombo gatini, soma mwezi kabla ya kusoma skripti. Siku za bamvua, mwandamo na kati ya mwezi, maji hupanda na kupwa kwa takriban mita 3, na ngazi uliyoiona asubuhi ikiwa majini utaikuta adhuhuri inaning'inia. Kila siku maji huchelewa kiasi cha dakika 50. Ukipiga nusu ya onyesho leo na nusu wiki ijayo saa ileile, bahari itakusuta. Hili mtu wa Nairobi hulijifunza kwa kulia. Wewe umezaliwa nalo.

Ruhusa za watu zitangulie ruhusa za serikali. Majirani waambiwe. Mwanamke anayepita kichochoroni asipigwe bila ridhaa yake, hata kwa nyuma, hata kwa mbali. Mji ni mdogo, na buibui moja linajulikana kwa mwendo wa mwenye nalo.

Za serikali ni hizi, kwa haraka. Kupiga filamu ya kuonyeshwa kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, na ofisi ya kuanzia kuuliza ni Bodi ya Kuainisha Filamu, KFCB. Droni lazima isajiliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, na kwa eneo lenye kambi ya Manda na bandari mpya ningekushauri uisahau kabisa. Sare uliyoivaa miaka 19 si yako tena: raia kuvaa sare ya jeshi bila idhini ni kosa, na kuigeza kwa kushona inayofanana nayo hakukuokoi, kwa hiyo ukifika siku ya kuihitaji, omba idhini kwa maandishi. Sheria ya Siri za Serikali, Sura ya 187, haikukuacha ulipokabidhi bunduki. Njia za doria, namba, mpangilio wa kambi, vifaa, hivyo havimo katika kazi yako, sasa wala baadaye. Kiti cha mama hakimo katika siri za serikali.

Skripti yako ni mali yako tangu ilipoandikwa, na haki hiyo hudumu maisha yako na miaka 50 baada yake, lakini isajili Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, kabla ya kuwatumia watu. Waaminifu ni wengi. Yule mmoja ndiye utakayekutana naye.

Masomo? Ukiweza kukaa Nairobi, Taasisi ya Mawasiliano ya Umma, KIMC, inafundisha tangu 1961. Docubox husaidia filamu za hali halisi, na pengine siku moja utagundua kwamba mama yako mwenyewe, si mwigizaji, ndiye wa kupigwa. Tamasha la filamu la Zanzibar lipo tangu 1998 na hupokea filamu fupi. Nenda hata kama huna filamu, ukae vitini, uone wenzako wa lugha hii wanafanya nini na wanakosea wapi.

Tufanye hivi. Niandikie kurasa 8, si 9. Mahali pasibadilike, ukumbi ule. Watu wawili, au watatu akija jirani kuazima kitu. Neno "jeshi" lisiwemo, wala "vita", wala "msitu". Ukikwama, usiniandikie, muulize mama siku gani aliamua kukigeuza, na kama alimwita mtu amsaidie kukibeba au alikiburura peke yake. Nami nitakuwa Amu wiki ya Maulidi, inshallah. Nitafikia Langoni kwa mpwa wangu. Ukinikaribisha nyumbani, kiti hicho nitakiona kwa macho yangu, ila sitakikalia.